Mzee wa Nyundo na Presha Isiyopiga Kelele

Habari hii yote imegharimu mkono mmoja wa kuume, nusu ya mdomo, na maneno mengi ambayo mwenyewe alikuwa hajamaliza kuyatumia. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na jumla haikushuka. Hiyo ni gharama ya mtu wa kwanza. Wa pili anaweza kuwa mume wangu, na mimi, muuza chumvi wa soko la Kindu, sina desturi ya kulipia kitu kimoja mara mbili.

Mtu wa kwanza tulimwita Mzee wa Nyundo, hata wakati nywele zake zilikuwa bado nyeusi. Alikuwa mkaguzi wa mabehewa pale stesheni. Treni ikisimama, alipita kando ya reli na nyundo ndogo ya mpini mrefu, akagonga kila gurudumu na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti fupi na nzito, kama mtu anayeitika akiwa na wali mdomoni. Akiisikia sauti hiyo, hakujadiliana na mtu. Alitoa chaki mfukoni, akachora msalaba mweupe kwenye chuma, na behewa likakatwa, yaani likafunguliwa na kuondolewa kwenye treni.

Kutokana na kazi hiyo alijipatia neno moja alilolitumia kila mahali: "Kitu kibovu kinasemaka," yaani huwa kinajisema chenyewe. Kwa magurudumu, neno hilo lilikuwa na maana yake. Shida ni kwamba hakuliacha stesheni jioni pamoja na koti la kazi. Alilileta nyumbani, akawagawia majirani bure, na sisi watu wa Kindu kitu cha bure hatukipindui kuangalia kitako.

Aligonga kila kitu. Aligonga mapapai, nguzo za nyumba mpya, madumu ya mafuta ya mawese, migongo ya watoto wenye kikohozi. Harusini aligonga meza kabla ya kuweka kiwiko. Siku ya kwanza alipokuja kununua chumvi kwangu, aligonga kopo langu la kupimia kwa ukucha, akainamisha sikio kama anayesikiliza redio ya jirani.

"Mama, hili kopo kitako kimepanda."

"Kimepanda wapi, Papa? Liko vile lilitoka dukani."

"Duka gani linauzaka kopo lenye kilima ndani?"

"Papa, nunua ao acha."

"Nanunua. Lakini kama chini kuna kilima, na juu pia weka kilima. Tuwe sawa."

Nikaweka kilima. Wanawake waliokuwa nyuma yake nao wakataka kilima, na mpaka adhuhuri nilikuwa nauza milima mitupu. Siku hiyo nilimchukia, lakini kwa heshima. Mtu anayeweza kusikia kitako cha kopo si mtu wa kudharau, na tangu hapo nilimpa chumvi kwa kopo jingine.

Ushauri wake ulikuwa hivyo hivyo. Aliutoa bila kuombwa. Kuombwa kulimharibia ladha. Aliwaambia waoaji waoe nani, wajenzi waezeke lini, na walimu wa watoto wake jinsi ya kushika chaki. Alimweleza dereva njia ya Kibombo ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuipita kwa gari. Lakini kuuliza, hapana. Kwa miaka yote niliyomjua sikumsikia hata mara moja akimwambia binadamu mwenzake, "Unaonaje? Nifanye nini?" Mkewe, mama mpole asiyependa kelele, aliniambia siku moja tukitwanga sombe, majani ya muhogo: "Huyu, hata Mungu anamuelekezaka." Na alisema hivyo bila kucheka.

Mimi nilimkasirikia mara nyingi, na bado namkasirikia, lakini sitaki msomaji adhani alikuwa mjinga. Nitaeleza siku ya treni ili tuelewane.

Vita ya Kongo ilikuwa imekwisha. Kwa muda mrefu stesheni ilikuwa nyumba ya mbuzi na majani. Halafu tukaambiwa treni imetoka kusini, inakuja. Mji mzima ukashuka relini. Wanawake walivaa vitambaa vya sikukuu, wazee wa msikiti walikuja na kofia zao nyeupe, na kwaya mbili ziliimba nyimbo tofauti kwa wakati mmoja. Treni iliingia polepole, ikalia honi, na watu wazima wakalia machozi. Ndani yake mlikuwa na magunia ya chumvi, na baadhi yalikuwa yangu.

Mzee wa Nyundo alipita katikati ya furaha hiyo kama mtu anayetafuta mbuzi wake. Gonga, sikiliza. Gonga, sikiliza. Kwenye behewa la kati alirudi nyuma hatua moja, akagonga tena. Akatoa chaki.

"Hili halirudi," akasema.

Tukamvamia. Kwaya zikanyamaza. Mkubwa wa stesheni akamwambia behewa hilo limebeba mizigo kutoka mbali bila shida, na wasafiri wanangoja kulipanda. Mimi nikapaza sauti kuliko wote, kwa sababu kukata behewa kulimaanisha kushusha magunia yangu juani na kungoja.

"Muzee, gurudumu linazunguka vizuri! Tumeliona na macho!"

"Mama, macho yako yako vizuri. Gurudumu njo iko mubaya."

"Lakini limefika!"

"Kufika si kupona."

Wafanyakazi wa stesheni wakalisugua kwa mafuta ya taa, wakalipangusa, na ufa ukajitokeza, mwembamba kama unywele, ukizunguka karibu nusu ya chuma. Hakuna aliyemwomba radhi. Tuliendelea kuimba, kwa sauti ya chini kidogo.

Msomaji aikumbuke siku hiyo. Gurudumu halikulalamika. Lilitembea, lilibeba, lilifika. Yeye ndiye aliyeliendea na nyundo kabla halijamuua mtu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwa sababu mwili wake mwenyewe hakuufanyia hivyo hata siku moja.

Turudi nyuma, wakati wa vita yenyewe. Treni ilikuwa imeacha kuja, lakini yeye kila asubuhi alivaa koti la kazi, akaenda kugonga mabehewa yaliyokuwa yamesimama kwenye majani. Tukamtania: "Muzee, leo yanasema nini?" Akajibu: "Yanasema yanangoja." Chumvi nilikuwa nauza kwa kijiko cha chai, na watu walishusha sauti wakiitaja, kama watu wanaozungumzia mambo ya kitandani. Kila mtu aliumwa kichwa. Kila mtu alisikia moyo ukidunda akilala. Kwenye kituo cha afya alibaki muuguzi mmoja, mama mnene mwenye subira, na mashine moja ya kupimia presha, ambayo sisi tunaiita tansio. Kitambaa cha mashine kilikuwa kimezibwa na kiraka cha mpira wa baiskeli.

Mzee alimpeleka mkewe. Mkewe akapimwa, akaonekana mzima. Muuguzi akasema, "Na wewe Papa, kaa." Hakutaka, akakaa. Nilikuwa nyuma yao na mtoto mwenye homa, nikasikia yote.

"Kumi na sita juu ya kumi," akasema muuguzi, kwa hesabu yetu; kwingine wangesema mia na sitini juu ya mia.

"Pima tena. Huu mkono umegonga nyundo asubuhi, umechoka."

Akapima mkono wa kushoto. Kumi na sita juu ya kumi.

"Iko juu, Papa."

"Inauma wapi?"

"Haiumi."

"Sasa kama haiumi, iko ya nani?"

Tulicheka benchi nzima. Muuguzi naye akacheka, kwa uchovu. Vidonge havikuwepo, barabara zilifungwa, na mama wa watu alikuwa na kiti, mashine yenye kiraka na mdomo wake tu. Basi akasema alichoweza kusema: labda ni mawazo, labda ni hofu, vita ikiisha itashuka. Akagawa tumaini kwa sababu ndicho kitu kilichobaki kwenye kabati.

Mzee akalichukua neno hilo, akalitengeneza, akaliuza likiwa jipya kuliko alivyolinunua. Ndani ya wiki chache mtaa mzima ulikuwa na ugonjwa wenye jina: tansio ya vita. Mtu akipimwa na kukutwa juu, tulimwambia, "Usijali, ni ya vita." Vijana wa miaka thelathini, ambao presha yao ndiyo kwanza inaanza kunyanyua kichwa, walipigwa bega na kuambiwa wasubiri. Nusu ya mtaa tukawa tunangoja amani ije itushushie.

Amani ilikuja. Ilileta treni, ilileta chumvi ya magunia, ilileta simu za mkononi. Kushusha presha hakukuwa kwenye mzigo wake. Tena watu, kwa kulipiza miaka ya kijiko cha chai, waliweka chumvi kwenye chakula mpaka maharage yakawa yanakufanya ukonyeze. Mimi sikulalamika. Ndiyo kazi yangu.

Sasa meno yake. Mzee alikuwa na fizi mbaya tangu zamani. Zilivimba, zikatoa damu, zikatoa usaha, zikapoa, zikavimba tena. Harufu ilimtangulia kufika. Na hapa nashindwa kabisa, kwa sababu kitu kibovu kilikuwa kinasema, kinasema kila siku, ndani ya mdomo uleule uliokuwa ukitutangazia kwamba kitu kibovu kinasemaka. Yeye alifanya nini? Alihamia kutafunia upande wa pili.

Miaka baadaye alipata homa isiyokwisha. Jirani mmoja akasema ni tifoidi, kwa sababu kwetu homa ikikosa jina hupewa hilo. Duka la dawa likamuuzia vidonge vya rangi mbili, akavimeza, homa ikarudi. Mkewe akaniomba tumsindikize kituoni, ambako siku hizo alikuwa amekuja daktari kijana, msichana mwenye sauti ndogo na macho ya mtu asiyepunguza bei. Alimpima malaria, hakuna. Alimpima damu kwa kipimo wanachokiita CRP, kikawa juu. Akatibu homa, akamwambia arudi akiwa mzima ili apime tena. Mzee alirudi, jambo ambalo mkewe anastahili kupewa medali kwalo. Kipimo kilikuwa kimeshuka, lakini hakikufika chini kinapotakiwa kukaa.

"Papa," daktari akasema, "mwili ukipigana na kitu, ini linatoa protini fulani ndani ya damu. Hiyo njo tunapima. Leo huna homa, huna malaria, lakini iko bado juu. Maana yake kuna moto mdogo unawaka ndani siku nyingi. Vitabu vinauita mchochota. Mimi naangalia hizi fizi zako."

"Fizi ni fizi."

"Na tansio yako iko juu tangu zamani. Hivi vitu viwili tunavikuta mara nyingi vinatembea pamoja. Hata kwa vijana, tansio ikianza tu kupanda."

Mzee akainua kidole. Alipenda sana kuinua kidole. "Vinatembea pamoja. Sawa. Kichwa cha treni ni kipi, na behewa ni lipi?"

"Bado wataalamu wanabishana, Papa. Moto wa ndani unaweza kukaza mishipa. Na mishipa ikisukumwa sana nayo inaumia, inawaka. Pengine kila kimoja kinasukuma mwenzake. Lakini sisi hatungoji wamalize kubishana. Meno tutayatibu, na ya tansio utameza dawa kila siku."

"Binti yangu, kama hamujui kichwa cha treni kiko upande gani, munataka mimi nipande niende wapi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilicheka na mimi. Ulikuwa utani mzuri, na hiyo ndiyo hasara ya utani mzuri: mtu anatoka nao nje, kifua mbele, na karatasi ya dawa inabaki juu ya meza. Daktari aliichukua akaja nayo mpaka mlangoni. Mzee alikuwa amekwisha fika barabarani, anagonga nguzo ya umeme.

Watu huniuliza: hamkumwambia? Tulimwambia. Mkewe alimwambia kwa upole, watoto wake walimwambia kwa simu, mimi nilimwambia kwa ukali. Alinijibu, "Mama, weye unauzaka chumvi, halafu unaniambia habari ya tansio?" Nilimpimia chumvi yake.

Sasa kanisa. Mtu huyu, aliyekuwa akichukia kelele kiasi cha kumfukuza jogoo wa jirani, alikuwa muumini wa kanisa lenye kelele kuliko yote upande wa stesheni. Spika mbili, ngoma, watu wanaomba wote kwa pamoja, kila mmoja kwa sauti yake, mpaka mimi Mwislamu nyumbani kwangu najua dhambi zao kwa majina. Sikuwahi kuelewa anafuata nini mle. Labda mahali pale ndipo pekee ambapo hakuna aliyemtegemea asikie kitu.

Jumapili moja alisimama kutoa shukrani. Mkewe ndiye aliyenisimulia. Alianza vizuri, akamtaja Bwana, akataja safari ya mwanawe. Halafu maneno yakaanza kutoka bila mpangilio, silabi tupu, zinateleza. Kanisa likasema amina. Akaendelea, mkono umening'inia, sauti inazidi kuvurugika, na watu wakainuka kwa furaha, maana walidhani Mzee mkavu kama yeye hatimaye amejaliwa kunena kwa lugha. Walipiga makofi. Mpiga ngoma akaingia. Waliomba kumzunguka, mikono juu, wakishukuru, na yeye katikati yao mdomo unashuka upande mmoja. Alipoanguka, wakasema ameangushwa na Roho.

Mkewe aliusukuma umati kwa viwiko, akamshika uso, akapiga kelele ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kutoka kwake. Ndipo ngoma ikanyamaza.

Siwalaumu wale watu. Nawalaumu, lakini nimeshindwa kujua nianze na nani.

Alipona kiasi cha kukaa. Mkono wa kuume haukurudi. Maneno yalirudi machache, moja moja, kama wateja wa asubuhi ya mvua. Siku hizi anameza dawa zake kila siku bila ubishi, na meno mabovu yameng'olewa. Ningependa kusema nilimhurumia tu, lakini nilikuwa na hasira. Mtu aliyekata behewa zima kwa ufa wa unywele!

Na ningeishia hapo, ningemwacha mzee wa watu apumzike, kama asingekuwa ameacha mali nyumbani kwangu.

Mume wangu alikulia nyumba ya tatu kutoka kwake, kwenye kambi ya reli. Baba yake alikuwa mpakia mizigo pale stesheni. Alimsikiliza Mzee wa Nyundo kuliko alivyomsikiliza baba yake, kwa sababu baba yake hakuwa na nyundo. Siku hizi ananunua dhahabu ya wachimbaji kule kwenye machimbo ya mji wa Kama, punje kwa punje, na kurudi nyumbani na matope mpaka magotini. Ana miaka thelathini na kitu. Anavuta sigara, anakula vibaya, analala vibaya, na ana kidonda cha mguu kinachofunga na kufunguka. Mwezi uliopita nilimburuta kwa daktari yule yule. Akamkuta kumi na nne juu ya tisa. Akamrudisha siku nyingine, ile ile. Akampima CRP, iko juu. Akatibu malaria kwanza, akangoja, akapima tena. Iko juu bado, si sana, lakini ipo.

"Papa Zuena," daktari akamwambia, akimwita kwa jina la mtoto wetu, "ndiyo inaanza. Huu njo wakati wa bei nafuu. Kidonda tukitibu, sigara uache, chumvi mupunguze nyumbani, utembee, ulale. Halafu urudi tupime. Kama haikushuka, tutaongea habari ya vidonge."

Aliposema chumvi aliniangalia. Nikamwangalia pia, kuona kama anajua anaongea na nani. Alijua. Alikuwa amenunua kwangu juzi yake, kopo moja, na aliomba kilima.

Mume wangu akajikohoza. "Daktari, tuseme kumi na tatu na nusu, tumalize."

"Hapa si sokoni, Papa."

"Kila mahali ni soko."

Nikatazama sakafu. Hilo amejifunza kwangu.

Nyumbani nilianza kumfuata na hoja zangu, moja baada ya nyingine. Nilibembeleza, nikanuna, nikapika bila chumvi mpaka watoto wakaandamana. Yeye alikuwa anafunga mzigo wake wa kurudi Kama. Alinigeukia kwa tabasamu, akagonga kifua chake kwa vidole viwili.

"Mama Zuena, unasikia? Kinalia kama kengele. Mi siko naumwa. Kitu kibovu kinasemaka."

Nilikaa chini. Maneno yale yale, kwa sauti ile ile, hata kidole kiliinuka. Mwenye maneno hawezi tena kufunga vifungo vya shati, lakini maneno yake yanatembea kwa miguu yote miwili, yamevaa viatu vya mume wangu, yanakwenda Kama mahali pasipo na mashine ya kupima hata moja.

Ndiyo sababu juzi nilifunga meza mapema, nikaenda kambi ya reli.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya mlango. Nyundo ilikuwa imeegemezwa ukutani, upande wa mkono wake wa kushoto. Mkewe alikuwa anachambua mchele. Nilimsalimu, akajibu kwa kichwa. Nikamweleza yote: kumi na nne juu ya tisa, kipimo cha damu, kidonda, sigara, Kama. Nilipofika kwenye maneno ya mume wangu, niliyasema kama yalivyo, na kidole nikainua. Mkewe akaacha kuchambua.

"Muzee, nikuulize. Lile gurudumu, siku ile ya treni. Lilikuwa linalia maumivu?"

Alifikiri. "Hapana."

"Lilikuwa linatembea?"

"Lilitembea."

"Lilifika?"

Jicho lake la upande mzima likanitazama sana. "Lilifika."

"Sasa chaki uliitolea nini?"

Mdomo ulitafuta, ukakosa, ukatafuta tena. Mkono wa kushoto ukaenda ukutani, ukaigusa nyundo, haukuinyanyua.

"Nililigonga," akasema.

"Uliligonga. Halikusema lenyewe. Ulilifuata na nyundo, njo likasema. Na ile mashine ya kiraka, wakati wa vita, Muzee, ilikuwa nini? Haikukugonga? Mikono yote miwili?"

"Mama, pole pole," mkewe akasema.

Nilikuwa nimepaza sauti. Jirani alikuwa ametoka mlangoni. Nikaishusha. Nilikuwa nimekuja na hasira ya miaka mingi, na mbele yangu alikuwa mtu mwenye kitambaa cha kufutia mate begani. Lakini mimi ni mfanyabiashara. Sikuja pale kumhurumia, wala sikuja kushinda.

"Muzee wangu," nikasema, "nimekuja kudai. Yale maneno ulitupa bure, kwangu yamekuwa ghali. Papa Zuena ananisikia kama redio. Weye anakuamini tangu mutoto. Anarudi toka Kama Jumamosi. Uyarudishe. Yachukue mwenyewe kwa mdomo wako ulioyatoa."

Aligeuza uso, akatazama upande wa reli. Nikadhani hakunielewa, au amenielewa na amekasirika. Mkewe akamfuta mdomo. Yeye akausukuma mkono wa mkewe kando, kwa upole, akakaza shingo kama mtu anayesukuma behewa peke yake.

"Maneno," akasema. Akapumua. "Yamebaki machache."

"Machache yanatosha."

Akatikisa kichwa. Akanyanyua mkono wa kushoto, na nilingoja kile kidole chake kiinuke. Hakikuinuka. Alifungua kiganja na kukinyoosha kwangu, kitupu, kama mteja aliyepungukiwa. Mkewe, ambaye amekaa naye maisha yote, aliweka ungo chini, maana naye alikuwa hajawahi kumwona akiomba kitu.

"Mama," akasema Mzee wa Nyundo, "weye unajua kuuza. Kama nitapata neno moja tu, nimuambie gani?"